Undugu wa maneno hauthibitishwi na silabi "ma"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba māte ya Kilatvia na mātā ya Kipali, yote yakiwa na maana ya mama, yana asili moja, na kwamba ushahidi ni jinsi yanavyofanana na mama ya Kiswahili. Kuhusu lugha hizo mbili amesema kweli, ila ushahidi wake hausimami.

Silabi "ma" huwatoka watoto wachanga wa kila taifa, kwa kuwa kufumba na kufumbua midomo ni kazi nyepesi, na wazazi huipa maana waitakayo. Kwa Wajojia, neno mama lina maana ya baba. Tukiitegemea, tutakiingiza Kiswahili katika ukoo wa lugha wa Kihindi-Kiulaya, ambao ni wa Kilatvia na Kipali, si wake.

Undugu wenyewe uko mwishoni mwa neno, ambako lugha hizo hubadilisha nomino kama sisi tunavyobadilisha mwanzo tunaposema mtu na watu. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, mama akiwa kiima ni mātā, lakini akiwa yambwa, yaani mtendwa, ni mātaraṃ, na pitā, yaani baba, vilevile huwa pitaraṃ. Hiyo r ni ya kale, nayo imo katika mater ya Kilatini. Kilatvia kimeipoteza: umbo la kiima lilipobaki bila r, lilifanana na maneno kama zeme, yaani ardhi, nalo likapewa miisho ya kundi hilo, ndiyo maana leo "ya mama" ni mātes na yambwa ni māti. Kwa Kilatvia peke yake huwezi kujua kwamba r iliwahi kuwapo, lakini Kilithuania, ndugu yake wa karibu, humwita mwanamke moteris. Mimi niliyefundisha sarufi miaka mingi bado hufurahi moyoni ninapoandika moteris na mātaraṃ kwenye mstari mmoja, nikaiona r ileile katika lugha zilizo mbali kiasi hicho.

Kwa hiyo nawaomba, makala zenu za asili ya maneno ziwe zinachapisha nomino pamoja na maumbo yake yote, hata kama jedwali litakula nafasi ya picha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro