Tupeni Faiz kwa Kiswahili

Mhariri, asalaam aleikum. Ukurasa wenu wa mashairi nausoma toka niko skuli, gazeti likifika Lamu hua nafungua huko kwanza kabla ya siasa, na leo naomba kitu kimoja tu, mutuwekee mashairi ya Faiz Ahmed Faiz kwa Kiswahili, na yafasiriwe kutoka Kiurdu chenyewe sio yazungushwe kwa Kiingereza kwanza.

Faiz ni mshairi wa Pakistan, kazaliwa Sialkot 1911, alitiwa jela 1951 mpaka 1955, na huko ndani aliandika shairi la kuiita Afrika, anasema amesikia ngoma zake, na wakati huo sisi Kenya tuko kwa hali ya hatari watu wamejaa makambini. Baadae jeshi la Jenerali Zia liliposhika nchi ya Pakistan akaondoka, akakaa Beirut akihariri jarida la waandishi wa Afrika na Asia mpaka vita vya 1982 vikamtoa huko pia. Alifia Lahore 1984.

Lakini lililonishika mimi ni lile aliloandika London 1978. Anaongea na moyo wake, anauita msafiri, anauambia hukumu imetoka tena mimi na wewe tuhame, tuzunguke mji kwa mji tutafute aliyebeba barua ya mpenzi, na kila tusiyemjua tumuulize nyumba yetu iko wapi. Sasa tizama maneno yenyewe, musafir ndo msafiri, hukm ndo hukumu, ajnabi ndo ajnabi hii hii yetu! Mzee mmoja hapa Langoni aliyekua baharia wa majahazi ya Karachi alinisomea polepole barazani, na kuna mahali nilielewa kabla hajanifasiria.

Na hapo kwa kuuliza nyumba nililia wallahi, manake kakangu alikaa Jeddah miaka 11 hajarudi, siku ya kuja hakumwambia mtu alitaka kumshtukiza mama, akashuka hapo jeti ya bandarini akaingia vichochoroni na begi lake, na ule mlango wetu wa nakshi tulishauuza mwaka wa shida tukaweka wa bati, basi akapita hapo mara mbili haujui. Mwisho akamuuliza mtoto anayecheza gololi kwa mama fulani ni wapi, mtoto akamshika mkono akamleta. Mtoto mwenyewe ni mwanangu, hawajawahi kuonana.

Kila nyumba hapa ina mtu Saudia au Dubai, na sioni shairi lao gazetini.

Wala si mambo mageni kwetu. Marehemu Juma Bhalo alituimbia kwa mahadhi ya Kihindi na harusini watu wakilia. Ghazali, mtindo wa mashairi ya Kiurdu, nayo ina kafia, yani vina, na ina radifu, neno lile lile linarudi mwisho wa kila ubeti, mtunzi wetu yeyote wa tarbia, shairi la mistari mine kila ubeti, ataishika kwa siku moja. Tena tunaye mshairi wetu Abdilatif Abdalla, alitunga jela 1969 mpaka 1972 halafu akaishi miaka mingi nje ya nchi, mukimweka na Faiz ukurasa mmoja mutaona wanavyojibizana.

Ila fanyeni haraka tafadhali. Yule mzee ana miaka 80 na ushee na macho yameanza kumtoka, mashairi mengi anayo kichwani tu. Mwandishi wenu wa Lamu aje na simu ya kurekodi, anapatikana barazani kila siku baada ya alasiri.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu