Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa North Melbourne: tupangieni mabeki, kisha muwaache

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam nyingi kutoka mitaa ya magharibi ya Melbourne. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mambo ya moyoni siyawezi kwa lugha nyingine, na jiji hili halina uhaba wa wakalimani. Waswahili wenzangu wanaoishabikia klabu yetu ya mpira wa Kiaustralia, na tuko wengi kuliko unavyodhani, wataisoma kwanza, kisha mmoja wao atakufikishia.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Msimu wa 2025 ulipokwisha tukiwa nafasi ya 16 kati ya timu 18, nilikunja skafu yangu ya bluu na nyeupe nikaifungia sandukuni, nikamwambia mke wangu kwamba mwaka huu sitaki kusikia habari za mpira wa yai mpaka mwezi wa tatu. Kilichonitoa kimya ni usiku wa drafti, yaani usiku timu zinapochagua vijana wapya, mwezi wa Novemba.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu pale ghalani ninapofanya kazi usiku, ili niangalie na mwanangu. Ana miaka 13. Alikuwa na daftari lake, ameandika majina ya vijana wanaotarajiwa kuchaguliwa, na pembeni ameweka nyota kwa wale anaowataka kwetu. Akaniuliza, "Baba, sisi ni wa ngapi?" Nikamwambia ile nafasi yetu ya juu si yetu tena, ni ya wapinzani wetu Richmond. Akaniangalia. Akauliza, "Kwani tuliwapa ya nini?" Mheshimiwa, nilikosa jibu. Mtoto alilifunga daftari taratibu, akaweka kalamu juu yake, akaenda kulala.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu nieleze kidogo. Timu iliyomaliza chini ndiyo inayotangulia kuchagua vijana wapya, ili kesho na yeye asimame. Hiyo ndiyo riziki pekee ya anayeburuza mkia. Sasa viongozi wangu, katika drafti ya 2024, waliichukua nafasi yetu ya kwanza ya 2025 wakawapa Richmond ili wapate nafasi ya 27 ya kuchagua papo hapo, wakamchukua kijana mrefu anayeitwa Matt Whitlock. Kijana huyo sina ugomvi naye hata kidogo, na namwombea afike mbali. Lakini mtu huuza shamba la mwakani akiwa na hakika kwamba mwakani hatalihitaji. Nadhani mliamini tutapanda mwaka 2025. Tulishinda mechi tano, tukatoka sare moja, tukafungwa 17. Jasho la vipigo hivyo 17 lilivuna Richmond.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nikukumbushe hesabu, kwa sababu sisi tunaokaa jukwaani tunaihesabu kila wiki. Mwaka 2021 tulishinda mechi nne, tukawa wa mwisho. Mwaka 2022 tulishinda mbili, tukawa wa mwisho tena. Hapa Australia wa mwisho husemwa amepewa kijiko cha mbao. Sisi kijiko cha mbao tunakiita mwiko, cha kusongea ugali, na neno hilohilo kwetu lina maana ya jambo lisilofanywa. Mwaka 2023 tulishinda mbili za kwanza, tukacheza, nikasema sasa tumefika, kisha tukafungwa mechi 20 mfululizo, mpaka tuliposhinda ile ya mwisho kabisa dhidi ya Gold Coast. Mwaka 2024, mechi tatu. Jumlisha mpaka 2025: miaka mitano, ushindi 17. Mara ya mwisho kuingia kwenye mechi za fainali ilikuwa 2016. Mwanangu alikuwa na miaka minne, hakumbuki.

Katika miaka yote hiyo mmekuwa mkituambia tusubiri. Subira, nilifundishwa, yavuta heri. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka ya ujana wangu yote nikisubiri jina langu libandikwe ubaoni. Kusubiri nakujua. Ndiyo maana naweza kutofautisha kusubiri kitu kinachokuja na kusubiri kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukileta.

Najua wewe hupangi timu. Kuna kocha na benchi lake la ufundi, na Alastair Clarkson simfundishi kazi; mtu aliyetwaa ubingwa mara nne na Hawthorn, 2008 na miaka mitatu mfululizo kuanzia 2013, si wa kufundishwa na mpanga maboksi. Lakini mwajiri wake ni ninyi, na kuna maswali ambayo mwajiri peke yake ndiye anayeweza kuyauliza. Naomba uyaulize kwa niaba yetu.

Ben McKay aliondoka mwisho wa 2023 kwenda Essendon. Alikuwa nguzo ya nyuma. Tangu siku ile sijaona nyuma yetu ikiwa na sura moja. Charlie Comben alikuja kama mshambuliaji. Mwaka 2024 akarudishwa nyuma, na kusema kweli akapendeza huko: anaruka, anaupiga ngumi mpira unatoka, hana woga. Nikasema nguzo mpya imepatikana. Mwaka 2025 nikamwona tena anapelekwa mbele, anarudishwa nyuma, anapelekwa mbele. Beki mrefu haokotwi barabarani, Mheshimiwa. Beki anajifunza mwenzake wa kulia na wa kushoto kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Ukimbadilisha mmoja kila siku, michi inagongana.

Harry Sheezel tulimchukua namba 3 katika drafti ya 2022 akijulikana kama mfungaji. Msimu wake wa kwanza mkamweka nyuma, akawa chipukizi bora wa ligi nzima. Mwaka uliofuata akasogezwa kiungo, na mara nyingine mbele. Anaweza kote, Mungu amemjalia, na nahisi hapo ndipo tatizo lilipo: anayeweza kote huzibishwa kila tundu. Colby McKercher naye, kiungo aliyechaguliwa namba 2, tukamwona anaanzia nyuma. Zane Duursma, namba 4, anaingia anatoka kama mgeni. Na mbele yupo Nick Larkey, aliyefunga magoli 71 mwaka 2023 katika timu iliyoshinda mechi tatu tu! Mfikirie mtu huyo angefunga mangapi kama mpira ungemfikia kwa njia ileile, kutoka kwa miguu ileile, wiki baada ya wiki.

Kisha mkatuletea wazee kwa ajili ya 2025: Luke Parker kutoka Sydney, Jack Darling kutoka West Coast, na Caleb Daniel kutoka Bulldogs, ambaye si mzee. Nilielewa nia. Watoto wanahitaji kaka zao uwanjani. Parker ameonyesha, simnyimi haki yake. Ila kila nafasi anayokaa mtu wa miaka 32 kuna kijana amebaki timu ya akiba, na tukifungwa na kaka tungefungwa na watoto vilevile, angalau watoto wangebaki na somo. Hili nalisema kama mzazi.

Nikueleze jambo la nyumbani kwangu. Mwaka 2022 mwanangu alikuwa na miaka kumi. Jason Horne-Francis alikuwa ndiye namba 1 wa drafti yote, wetu, na mtoto akataka jezi yenye namba yake mgongoni. Nilifanya zamu mbili za ziada nikanunua. Kabla mwaka haujaisha kijana akaomba kuondoka, akaenda Port Adelaide baada ya msimu mmoja tu. Simlaumu, alikuwa mdogo na timu ilikuwa inaungua, hata kocha David Noble alikuwa ameshaondoka katikati ya msimu. Lakini jezi ilikuwa imebaki kwangu. Mke wangu aliketi mezani na wembe, akaanza kuifumua ile namba uzi kwa uzi, mtoto amesimama pembeni ameshika taa ya simu. Usiku mzima. Akashona ya Sheezel juu yake. Ukiitazama juani, kivuli cha namba ya zamani bado kipo, kitambaa pale kina rangi mbichi kuliko kwingine. Mwanangu huivaa hivyohivyo. Sitaki mke wangu auchukue tena ule wembe.

Kuna siku nyingine siwezi kuisahau, Juni 2024, pale uwanja wa Docklands, dhidi ya Collingwood. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi 54. Kwa asiyejua, hayo ni magoli tisa. Nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko Adelaide nikamwambia sikiliza, nikainua simu juu ili asikie uwanja. Tulifungwa kwa pointi moja. Pointi moja! Nilikwenda kazini usiku ule moja kwa moja kutoka uwanjani, na skafu shingoni, na msimamizi akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa mtu asiniambie tatizo ni mahali, au bahati, au kwamba klabu yetu ni ndogo. Pale pale Arden Street, makao ya klabu, kuna wanawake. Timu ya wanawake ya North Melbourne imetwaa ubingwa 2024 bila kupoteza mechi hata moja, na Novemba hii, 2025, wakaurudia, tena bila kupoteza, na fainali zote mbili waliwafunga Brisbane. Nilimpeleka binti yangu kuwaona. Nikamtazama Jasmine Garner na wenzake, kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi bila kugeuza shingo. Sijui siri zao za mazoezini, lakini kwa macho yangu ya jukwaani naona kikosi kinachojuana. Vukeni ujia, muwaulize. Hakuna nauli hapo.

Na hili la nauli linanikumbusha. Tangu 2012 mmekuwa mkipeleka baadhi ya mechi zetu za nyumbani Hobart, ng'ambo ya bahari. Mwaka 2025 mkaanza kuzipeleka Bunbury na Perth, upande wa pili wa nchi, saa nne hewani kwa ndege. Najua ni fedha, na najua klabu hailishwi kwa nyimbo. Lakini mechi ya nyumbani ambayo mwanachama anaitazama kwa simu akiwa kwenye basi la saa kumi na moja, nyumbani ni kwa nani? Mwaka 2007 ligi ilitaka kutuhamishia Gold Coast, na watu wa klabu hii wakakataa katakata. Wakati ule sikuwepo, nilikuwa bado kambini. Nilihadithiwa na mzee mmoja tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja Flemington, akaniambia klabu hii ni ya watu wa bucha, wanaitwa Shinboner, watu wa muundi wa ng'ombe. Akagonga muundi wake kwa ngumi. Mimi ng'ombe na bucha nilivielewa mara moja, na siku ile nikawa wenu.

Wala sijasahau wema. Mlifungua kituo cha The Huddle pale uwanjani mwaka 2010 kwa ajili ya vijana waliotoka kwao kama sisi, na mwanangu alisaidiwa hesabu pale alipokuwa mdogo. Ndiyo maana nasema nanyi kama mtu wa nyumbani. Mgeni angekwenda kushabikia Geelong akanyamaza.

Wiki hii ujumbe wa kuhuisha uanachama umefika kwenye simu yangu. Watu wanne, nyumba moja. Kodi ya nyumba imepanda, umeme umepanda, na mke wangu amepunguziwa siku za kazi. Tumeuweka ujumbe ule mezani, yaani tumeiweka simu mezani tukaitazama, kama familia inayoamua kumpeleka mgonjwa hospitali au kumwacha apumzike. Binti amesema tulipie ya wanawake peke yake. Mwanangu hajasema kitu.

Nitalipa, Mheshimiwa. Nitalipia wote wanne. Naomba tu msichukue kulipa kwangu kama ishara kwamba nimeridhika.

Nilitaka kuomba mengi. Nilitaka mtueleze hesabu ya ile biashara na Richmond, hadharani, aliyeiamua asimame aseme alikuwa anaona nini. Nilitaka mechi zirudi Docklands zote. Nilitaka vijana wapewe dakika. Lakini nimeandika na kufuta mpaka alfajiri, na kila nikifuta linabaki moja, dogo, lisilohitaji fedha wala drafti.

Mzunguko wa kwanza wa 2026, mtusomee majina ya mabeki sita. Mzunguko wa nane, tusome majina yaleyale, asipokuwa ameumia mtu. Wakifungwa, wabaki. Wakifungwa tena, wabaki. Comben awe nyuma. Nimesema hili mara ngapi sasa, sijui, lakini nalisema tena: mwekeni Comben nyuma, na muache abaki huko.

Wako kwa heshima,

Mwanachama, baba wa watoto wawili
Melbourne, Desemba 2025