Mapishi ya biskuti za jibini yazingatie joto letu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo kuhusu safu yenu ya mapishi, ambayo nimekuwa nikiikata na kuihifadhi kwa miaka mingi. Mwezi Novemba mlieleza namna ya kutengeneza biskuti za jibini zisizo na sukari, na kwa kuwa nilikuwa na hafla ndogo ya kumpongeza binti yangu kwa kumaliza kidato cha nne, niliona zingefaa kukaa sahani moja na sambusa na kachori. Nilifuata maelezo hatua kwa hatua. Trei ya kwanza ilitoka ikiwa kitu kimoja kilichosambaa kama chapati ya maji, kingo zimeungua, katikati pabichi, mafuta yakichuruzika pembeni.

Maelezo yalitaka siagi iachwe mezani mpaka ilainike, kisha unga ukandwe na kusukumwa papo hapo. Penye baridi hilo halina madhara, lakini hapa Tabata siagi ya mezani mchana huyeyuka, na ikishayeyuka kabla ya kuingia motoni, biskuti haiwezi kushika umbo.

Trei ya pili nilikwenda kinyume na maelezo. Nilichukua gramu 100 za siagi moja kwa moja kutoka kwenye friji, nikaikatakata na kuifikicha kwa ncha za vidole ndani ya gramu 150 za unga wa ngano hadi ikawa kama chenga, nikatia gramu 150 za jibini ya cheddar niliyoikwangua kwa matundu madogo, pilipili manga, pilipili kali kidogo ya unga, na kijiko kimoja cha maji baridi ili vishikane. Chumvi sikutia hata chembe, kwani jibini ina ya kwake ya kutosha. Donge nililiviringisha likawa kama mchi mwembamba, nikalifunga nailoni na kuliacha kwenye friji saa nzima, ndipo nikalikata vipande vya unene wa nusu sentimita. Kwenye oveni ya nyuzi 180 zilikaa dakika 15, zikatoka kavu na zenye rangi ya dhahabu. Wageni walizimaliza kabla ya kachori, jambo ambalo mama mkwe wangu, mpishi wa kachori hizo, hakulifurahia sana.

Yapo mengine mawili. Jibini mliipima kwa kikombe, ilhali kikombe cha jibini iliyokwanguliwa hutegemea mtu ameishindilia kiasi gani, na kwa bei yake madukani hakuna anayependa kubahatisha. Pia hamkusema kwamba biskuti hizi zipoe kabisa kabla ya kufungiwa kwenye kopo. Jirani niliyempa alizifunika zingali moto, na kufikia jioni zilikuwa zimelegea kama mkate, ikabidi azirudishe motoni dakika tano.

Ninaomba, kabla ya kuchapisha mapishi ya aina hii, mwandishi wenu ayajaribu katika jiko lisilo na kiyoyozi, apime kwa gramu, na awakumbuke pia wanaooka kwa sufuria yenye mkaa juu na chini, ambao wanahitaji kuambiwa wazi kwamba mkaa wa chini uwe mchache kuliko wa juu.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam