Siku ulipokiita kijiko mlango

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu ulicheka ukasema wenzako wa chumba hawajui lolote kuhusu kipandauso chako, na hutaki wajue. Neno hilo limeninyima usingizi. Wewe siku ile huikumbuki hata chembe. Mimi ndiye niliyeiona.

Ulikuwa na miaka 11. Ulikuwa mezani unaandika, mara ukaanza kusugua jicho, ukasema ukurasa una tundu linalong'aa pembeni. Nikakuambia ukanawe uso. Ukarudi umevaa kiatu mkononi. Ukanikodolea macho kama mgeni, ukaniuliza, "Mama ameenda wapi?" Nikakuonyesha kijiko, nikakuuliza ni nini hiki. "Mlango," ukasema, bila wasiwasi wowote. Kisha ukaanza kufoka na kupigana na baba yako, wewe ambaye hata paka humkemei. Saa nne nzima. Mwisho ukatapika, ukashika kichwa, ukalala kama gogo. Asubuhi uliamka na njaa, ukashangaa kwa nini tunakutazama vile.

Ilipojirudia mara ya pili tulikulaza wodi ya magonjwa ya akili. Ulipewa dawa za kukutuliza, ukazinywa miezi mingi, na karatasi nilitia saini mimi. Hilo nimeshakuomba radhi. Lililobaki kukuambia ni hili: kila nilipoulizwa, nilianza kusimulia na fujo. Lile tundu linalong'aa sikulitaja hata siku moja, nikiona hayo ni mambo ya macho tu.

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyeuliza, "Kabla ya fujo, alikuwa anafanya nini?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Hakukata shauri papo hapo. Alipima damu na sukari, akataka picha ya ubongo na kipimo cha umeme wake, maana ugonjwa aliokuwa anaushuku, kipandauso cha kuchanganya akili, hauna kipimo chake: hutambuliwa baada ya kuondoa kifafa, sumu, maambukizi ya ubongo na mengineyo. Akauliza pia nani katika ukoo huumwa kichwa, nikamkumbuka bibi yako akijifungia gizani. Alituambia kuwa mwaka 1970 madaktari wawili, Gascon na Barlow, waliandika habari za watoto waliochanganyikiwa hivyohivyo. Na kwamba kuna wimbi la umeme, aliloligundua mtafiti Leão mwaka 1944, linalotambaa juu ya ubongo polepole mno, kama milimita 3 kwa dakika. Likianzia kisogoni, yanakoshughulikiwa macho, huanza mng'ao; likisogea, maneno nayo hupotea.

Usinielewe vibaya. Yule msichana wa kitanda cha jirani kule wodini, aliyekusuka nywele, alikuwa mgonjwa wa akili kweli, na dawa zilezile zilimfaa. Wewe ulikuwa na ugonjwa mwingine, basi.

Kwa hiyo mwambie hata mwenzako mmoja. Mweleze mpangilio: jicho kwanza, kisha maneno, kisha kichwa, kisha usingizi. Aangalie saa. Mng'ao wako kwa kawaida hauzidi dakika 60, ila kuchanganyikiwa kwaweza kuchukua saa kadhaa, na muda huo asikuache peke yako wala asishindane nawe. Ukija na homa, shingo ikakakamaa, upande mmoja ukalegea, au akili isirudi, asiseme "ni kile kile"; akupeleke hospitali mara moja.

Dawa za maumivu zihesabu. Hizi za kawaida, ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe huleta kichwa. Na siku ukitaka vidonge vya kupanga uzazi (najua umeziba masikio, nitaandika tu), sema kwanza kwamba una kipandauso chenye kuona mng'ao. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya kiharusi kwa watu kama wewe.

Pamoja na barua hii nakutumia daftari la buluu, la kuandikia kila shambulio. Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi. Nimeisimulia upya siku ile, na safari hii nimeanza na jicho.

Mama yako