Malalamiko kuhusu safari ya wanafunzi katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani

Kwa Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: MWONGOZAJI TULIYEMLIPIA NA HAKULETWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika shule ya sekondari hapa jijini Tanga. Mwezi uliopita, wakati wa likizo, kampuni yenu iliwapeleka wanafunzi wangu Amani, Usambara Mashariki. Ankara yenu ina fungu la mwongozaji wa hifadhi na fungu la matembezi ya usiku. Yote mawili tulilipa kabla ya kuondoka, na hatukupata hata moja. Stakabadhi ya geti la Sigi ninayo, ina viingilio peke yake. Mhudumu wa getini aliuliza mbele yangu kama tunahitaji mwongozaji, na dereva wenu akajibu kwamba yeye anatosha.

Hakutosha, na simlaumu. Aliendesha vizuri kwenye zile kona za mlimani, na vijana walirudi salama. Aliyempa kazi isiyo yake ni ofisi yenu.

Nilimweleza ofisa wenu wa mauzo sababu ya safari hii. Wanafunzi hawa wanakunywa maji ya Mto Zigi. Maji yale yanashuka kutoka kwenye misitu ya Amani, yanakusanywa katika Bwawa la Mabayani, ndipo yafike kwenye mabomba ya jiji. Nilitaka wasimame kwenye chanzo, wakanyage udongo wa msituni wenyewe, waelewe kwa nini mlima ukifyekwa mto nao hubadilika. Kosta ilipita darajani bila kusimama. Ikaenda kusimama muda mrefu kwenye mashamba ya chai, vijana wakaambiwa wapige picha kwa kuwa msitu ndio huo. Chai ile imepandwa pale palipokuwa na msitu. Mtoto wa kidato cha pili akiambiwa kwamba shamba ni msitu, na aliyemwambia ni mtu aliyelipwa kumfundisha, mimi darasani nianzie wapi?

Tulipoingia chini ya miti hali haikuwa tofauti. Dereva alionyesha miti mirefu iliyonyooka akasema ni ya asili. Ilikuwa Maesopsis, mti uliopelekwa Amani karne iliyopita, ukaenea sana baada ya uvunaji wa mbao wa miaka ya 1970 na 1980 kuacha mapengo msituni. Hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu. Kwangu hilo ndilo lingekuwa somo kubwa kuliko yote: msitu unaweza kuwa wa kijani kabisa machoni huku miti yake ya asili inazidi kubanwa. Mwongozaji wa pale, aliyekulia vijiji vya jirani, angewaonyesha kwa kidole upi ni upi.

Kuhusu Saintpaulia, ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, vijana waliambiwa kwamba Wajerumani walilileta kutoka Ulaya. Wakaandika hivyo kwenye madaftari. Ukweli ni kinyume. Ua hilo ni la kwetu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, ndiye aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892, na leo linapamba madirisha duniani kote ilhali huku nyumbani linapungua kadiri kivuli cha msitu kinavyopungua. Kulisema kinyume ni kumnyang'anya mtoto wa Tanga kitu chake. Jambo hili limeniuma sana.

Na lililoniuma zaidi ni kinyonga. Mlihamishia malazi Muheza bila kutuarifu, kwa hiyo matembezi ya usiku hayakuwezekana. Usiku ndio wakati wa vinyonga: hulala kwenye ncha za matawi, rangi yao ikififia, na kwa mwanga wa tochi unawaona bila kuwagusa. Badala yake, mchana wa siku ya pili, kijana mmoja barabarani alileta kinyonga dume mwenye pembe tatu juu ya kijiti, dereva akampa shilingi elfu mbili, na mnyama akaanza kupitishwa mkono kwa mkono kwa ajili ya picha. Niliwazuia, lakini tayari alikuwa ameshageuka mweusi mwili mzima. Kinyonga yule ni wa milima hii ya Usambara. Klabu ya mazingira imeondoka Amani ikiwa imeshiriki kumnunua mnyama wa porini aliyetolewa mahali pake, kwa fedha ya kampuni yenye picha ya msitu kwenye kipeperushi chake. Huyo kijana naye amejifunza kwamba kushika vinyonga kunalipa.

Mapango ya Amboni tuliyoahidiwa wakati wa kurudi hatukuyafikia, giza lilishaingia. Hilo naliacha.

Ninachodai ni hiki. Mturudishie fedha za mwongozaji na za matembezi ya usiku, kama zilivyo kwenye ankara. Wazazi walizichanga kwa shida, baadhi wakilipa kidogo kidogo kwa miezi. Pili, muwape madereva wenu agizo la maandishi kwamba hakuna kununua wala kushikisha wageni wanyama wa porini, na nakala mniletee. Tatu, kila kundi mnaloliuzia Amani lipate mwongozaji wa pale pale hifadhini, na fedha yake imfikie yeye. Watu wa vijiji vile wamezuiwa kukata miti na kulima ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1997. Kazi ya kuongoza wageni ni miongoni mwa faida chache wanazopata, na nyinyi mmeichukua kwa kuiandika kwenye ankara na kuibakiza mfukoni.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka ankara yenu na stakabadhi ya geti kwa Tume ya Ushindani na kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mlezi,
Klabu ya Mazingira.

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi.