Siku ya nne ndiyo ya kuogopa: paka aliyetolewa kizazi

Simu tunazopigiwa usiku wa kwanza baada ya upasuaji zinafanana sana. "Daktari, anayumba kama mlevi." "Daktari, macho yamefunikwa na utando." "Daktari, anakohoa." Mara nyingi jibu letu ni la kutuliza. Dawa ya usingizi bado imo mwilini, na inaweza kuchukua saa 12 hadi 24 kuisha. Utando ule ni kope la tatu. Kila paka analo, ila akiwa macho na mzima halionekani. Kikohozi chepesi hutokana na mpira wa kupumulia tuliompitisha kooni, nacho hupotea chenyewe baada ya siku moja au mbili. Mlaze mahali pa joto, chini, si kitandani wala kwenye kochi atakakoanguka, kisha mwache alale.

Simu zinazotutia tumbo joto huja siku ya nne au ya tano. "Alishapona kabisa, anarukaruka, tukamvua kola. Tumerudi jioni tumekuta mshono uko wazi."

Neno linaloponza hapo ni hilo "alishapona". Tumempasua tumbo, tukatoa ovari na mara nyingi mji wa mimba pia, halafu tukashona kwa tabaka: kwanza ukuta wa tumbo, kisha nyama laini iliyo chini ya ngozi, mwisho ngozi yenyewe. Wewe unaona ngozi tu. Siku ya nne maumivu yamepungua na paka hana habari tena kama alipasuliwa, lakini ukuta wa tumbo bado umeshikwa na nyuzi kuliko unavyojishika wenyewe. Unahitaji siku 10 hadi 14 kabla hatujakuruhusu kumwachia apande kabati. Kwa hiyo yeye akijisikia vizuri, wewe ndiye uongeze ulinzi.

Ulinzi wa kwanza ni kola, ile pana yenye umbo la faneli. Tunajua inatia huruma. Paka akivalishwa hurudi kinyumenyume, hugonga milango, hukaa pembeni amenuna kama aliyesingiziwa wizi. Wengi huizoea ndani ya siku moja au mbili, na tungekuomba uivumilie huruma yako kwa muda huo. Ulimi wa paka una vijimiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni, ndiyo maana akikulamba mkono unahisi kama msasa. Dakika chache za kujilamba bila kuonekana zinatosha kulegeza uzi, na mate yenyewe yamejaa bakteria. Yale maneno kwamba mate ya mnyama ni dawa ya kidonda, tafadhali yaachie palepale uliposikia.

Kola nzuri inapita kidogo ncha ya pua, na shingoni vidole viwili vinaingia. Akishindwa kula, tumia sahani bapa badala ya bakuli, au mvue ukiwa umekaa naye macho kwa macho, amalize, umvalishe tena. Wengine huchagua vazi la kitambaa linalofunika tumbo. Halina ubaya, ila ulikague kila siku: likilowa mkojo au mate, linageuka kuwa bandeji chafu juu ya kidonda.

Chumba kimoja kidogo kisicho na vitu virefu kinatosha kwa wiki hizo. Boksi la choo liwekwe magazeti yaliyochanwa badala ya mchanga wa vumbi, kwa sababu chembe hunasa kwenye mshono. Kama kuna paka dume nyumbani, watenganishe. Jike aliyekuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, anaweza kuendelea kumvutia dume kwa siku kadhaa, na kupandwa wakati huu ni hatari kubwa. Na kama ana watoto wanaonyonya, usiogope: maziwa hayatoki kwenye ovari, ataendelea kunyonyesha.

Jioni ya kwanza mpe robo au nusu ya chakula chake cha kawaida. Kutapika mara moja si ajabu. Maziwa ya ng'ombe usimpe kama pole ya ugonjwa, huwaharisha wengi wao. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku mbili au tatu, ila akojoe ndani ya saa 24. Asipokula chochote kwa siku nzima baada ya kufika nyumbani, tupigie. Paka havumilii njaa kama mbwa. Akikaa siku chache bila kula, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na hapo tunakuwa na ugonjwa mpya.

Sasa dawa, na hapa hatutakuwa wapole. Usimpe paka panado wala dawa yoyote yenye paracetamol, hata kipande. Ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia au bluu, uso huvimba. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Ibuprofen nayo ni sumu kwake. Dawa ya maumivu ni ile tuliyokupa, kwa kipimo tulichoandika. Ukiona haitoshi, tupigie simu kabla ya kuongeza chochote.

Utajuaje haitoshi? Paka huficha maumivu. Anaweza hata kukoroma kwa ile sauti ya raha huku anaumia. Tazama mkao: amejikunja kama furushi, macho nusu yamefungwa, masikio yamelala pembeni, hataki kuguswa wala kusogea.

Kidonda chenyewe kikague asubuhi na jioni. Njia tunayoipenda ni kupiga picha kila siku mahali palepale penye mwanga uleule. Jicho husahau, simu haisahau. Wekundu kidogo, michubuko, na uvimbe mwembamba mgumu unaofuata mstari wa mshono ni vya kawaida. Uvimbe unaokua, joto, usaha, harufu, damu inayodondoka au upenyo kati ya nyuzi, hivyo mlete siku hiyohiyo. Usipake spiriti, hidrojeni peroksaidi wala dawa ya kusafishia sakafu, na usimwogeshe. Kidonda kikavu kilichoachwa hivyohivyo hupona vizuri kuliko kinachohudumiwa kila saa.

Mambo mawili hayangoji kukuche. Moja ni fizi nyeupe na mwili wa baridi kwa paka aliyelegea, hasa usiku ule wa kwanza: huenda anavuja damu ndani. Jingine ni kitu chochote cha ndani kuchomoza kwenye mshono. Hapo funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, usijaribu kukirudisha, mvalishe kola na uje.

Baadaye, wiki zikipita, kuna suala la uzito. Paka aliyetolewa kizazi hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, na hamu ya kula mara nyingi huongezeka. Anza kwa kupunguza kama robo ya chakula, kisha mpime kila mwezi. Mizani ya nyumbani inatosha: jipime umembeba, kisha jipime peke yako, utoe.

Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine tunazitoa kati ya siku ya 10 na ya 14. Karatasi uliyoondoka nayo inasema zako ni zipi. Hata kama ni za kuyeyuka, tunataka kumwona. Mlete akiwa bado amevaa kola. Tutaivua sisi.