Barua ya wazi kwa wanaowavisha watoto kibao

Walimu wenzangu wa shule za mchepuo wa Kiingereza, nanyi wazazi mnaolipa ada huko,

Marahaba, kwa wale watakaokumbuka kuniamkia.

Mjukuu wangu wa darasa la tatu amerudi nyumbani na kibao shingoni. Kamba ya katani, maandishi ya Kiingereza kwa maka peni, yanayomtangazia kila mpita njia kwamba huyu amekutwa akisema Kiswahili. Kosa lake lilikuwa neno moja, "nipishe", kwenye foleni ya uji. Nilipompigia simu mwalimu, alinijibu kwa upole kabisa kwamba huo ni utaratibu na wazazi waliupitisha kikaoni. Nikamuuliza mama wa mtoto. Kweli, alisaini.

Basi ngoja niwasimulie habari za Wales, maana mnadhani hili mmelibuni ninyi.

Wales ni nchi ndogo iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza, yenye lugha yake, Kiwelisi, iliyokuwapo katika kisiwa cha Britania kabla Kiingereza hakijafika. Karne ya 19 walimu wengi wa huko waliweka darasani kipande cha ubao chenye herufi W.N., yaani "Welsh Not", Kiwelisi marufuku. Mtoto akisikika akisema Kiwelisi, anavishwa. Kuanzia hapo anatega sikio kwa wenzake, wa kwanza kuteleza anahamishiwa yeye. Jioni, anayekutwa nao ndiye anayechapwa. Mwalimu hana haja hata ya kuinua kichwa kwenye daftari, watoto wanapelelezana wenyewe. Hakuna bunge lililotunga sheria hiyo. Walimu walijianzishia, na wazazi wengi wakaitikia, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa na ajira. Mwaka 1847 makamishna watatu Waingereza, wasiojua Kiwelisi hata mmoja, walitoa ripoti iliyosema lugha hiyo inawarudisha watu nyuma. Wawelisi waliilaani ripoti ile, kisha wakaimeza.

Owen Morgan Edwards, mtoto wa kijiji cha Llanuwchllyn, alivishwa ubao huo mara nyingi. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hakuwahi kumchongea mwenzake ili auvue. Alikubali fimbo. Mwaka 1907 huyohuyo akawa mkaguzi mkuu wa shule za Wales, na mwaka 1939 mwanawe, Ifan, akafungua shule ya msingi ya Kiwelisi mjini Aberystwyth ikiwa na watoto saba. Saba! Kwetu mwenye shule angeshageuza darasa kuwa ukumbi wa harusi.

Likabaki swali mnalonirushia kila tukikutana: haya, sekondari je? Kemia je?

Mwaka 1956 kaunti ya Flintshire, chini ya mkurugenzi wake wa elimu Haydn Williams, ilifungua Ysgol Glan Clwyd mjini Rhyl, sekondari ya kwanza kuanzishwa ili ifundishe kwa Kiwelisi. Wala Rhyl si kijiji cha wazee wa mila. Ni mji wa ufukweni, Waingereza walikuja kupumzika hapo, na Kiingereza kilikuwa kimejaa mitaani. Hawakungoja mazingira yawe tayari. Mwaka 1969 shule ilihamia St Asaph, na iko huko hadi leo. Mwaka 1962 ikafuata sekondari ya Rhydfelen karibu na mji wa Pontypridd, kwenye mabonde ya makaa ya mawe, ambako familia nyingi zilikuwa zimeshaacha kuwarithisha watoto lugha. Wanafunzi walipanda basi kutoka mbali, na kadiri miaka ilivyokwenda wengi wao walitoka nyumba ambazo baba na mama hawajui Kiwelisi. Fikirini mzazi huyo, anampeleka mwanawe akajifunze lugha ambayo yeye mwenyewe alinyang'anywa, na daftari la mtoto hawezi kulisoma.

Vitabu vilikuwa haba. Walimu waliandika notsi zao wenyewe, istilahi zikatungwa, na mwanzoni sayansi iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza ikahamishwa polepole. Ilikuwa kazi ngumu, na waliifanya.

Wahitimu? Glan Clwyd ilitoa Sidan, kundi la wasichana walioimba wakiwa bado na sare za shule miaka ya 1970. Mmoja wao, Caryl Parry Jones, hahitaji kutambulishwa kwa yeyote anayesikiliza muziki wa Kiwelisi. Glantaf, sekondari ya Kiwelisi ya Cardiff, mji mkuu wa Wales, iliyofunguliwa mwaka 1978, ilisomesha waigizaji Ioan Gruffudd na Matthew Rhys. Huyo Rhys alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 2018 kwa kuigiza jasusi anayejifanya Mmarekani, tena kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kimarekani! Jamie Roberts, wa Glantaf pia, alichezea timu ya taifa ya raga mechi 94, na katikati ya raga hiyo akahitimu udaktari mwaka 2013. Kiingereza hakikuwakimbia.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, chini ya asilimia 18 ya watu, pungufu kuliko 2011. Serikali yao inataka wafike milioni moja ifikapo 2050. Kubomoa kulikuwa rahisi zaidi.

Mtasema Kiswahili kina mamilioni, hakifi. Sawa. Mimi silii na Kiswahili, nalia na mtoto aliyefundishwa kumvizia rafiki yake kwenye foleni ya uji.

Najua mnakopa kulipa ada, wanangu. Najua usaili wa kazi unafanywa kwa Kiingereza, na hofu yenu si ya kipumbavu. Hofu hiyo wamewapa wakubwa. Sera ya elimu ya Tanzania ya 2014 iliandika Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, ikabaki karatasini. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanavaa vitenge na kukisifia Kiswahili jukwaani, kesho yake magari yao yamepanga foleni kwenye mageti ya shule zenu. Wakiulizwa, wanajibu kwa Kiingereza kibovu.

Mengine nayasema kwa mkato. Fundisheni Kiingereza vizuri, na mwalimu anayekijua. Msimpigie mtoto makofi kwa sababu ya lafudhi. Msimcheke anapochanganya. Msomeeni hadithi usiku, kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja. Someni karatasi kabla ya kusaini.

Kikao cha wazazi cha muhula huu nitakuja, nitakaa mbele. Hoja ya kibao naomba iwekwe kwenye ajenda kabla ya ile ya nauli ya basi, maana ikifika nauli hakuna atakayenisikiliza.

Ni mimi babu yenu, mwalimu mstaafu.